Usaili wa Kuingia Chuo: Utangulizi kwa Wageni wa Uwanja Huu

Kijana wa Tanzania aliyemaliza kidato cha sita, na mwenzake wa Kenya aliyefanya mtihani wa KCSE wa mwisho wa sekondari, kwa kawaida huingia chuo kikuu bila kuulizwa neno na mtu yeyote. Kenya, KUCCPS, taasisi ya kuwapangia wanafunzi nafasi vyuoni, hulinganisha alama zake na kozi alizochagua, kisha humpangia nafasi. Tanzania, chuo hupima ufaulu wake kwa vigezo vinavyochapishwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, na jina likitoka limetoka. Mfumo huu una kasoro zake, lakini una jambo moja la haki: hauangalii sura wala hausikilizi lafudhi. Basi kijana huyo akiomba nafasi Oxford au Harvard, kisha akapokea barua pepe inayomtaka achague siku ya kuzungumza na mtu, hana pa kuanzia. Kaka na dada zake hawakulipitia jambo hilo. Mwalimu wake, kwa nia njema kabisa, humwandalia orodha ya majibu ya kukariri.

Utangulizi huu nimemwandikia kijana huyo, wazazi wake na mwalimu wake. Nimemwandikia pia mwanafunzi wa elimu, saikolojia au isimu anayetafuta mahali pa kufanyia utafiti, kwa sababu usaili wa udahili ni uwanja kamili wa kitaaluma, wenye historia yake, mabishano yake na maswali ambayo bado hayajajibiwa. Karibuni nyote.

Hoja yangu ni hii. Usaili wa chuo uko wa aina nyingi, na kila aina ina swali lake inalotafutia jibu. Anayelijua swali hilo amekwisha kufanya nusu ya maandalizi. Na katika aina hizo, ule unaompa mwombaji kazi ya kufanya papo hapo una faida kubwa zaidi, kwa chuo na kwa mwombaji mwenyewe, kuliko ule wa kukaa na kuongea ili eti watu wafahamiane.

Nianze na Oxford na Cambridge, maana huko ndiko sura ya jambo inaonekana wazi. Maombi hufungwa katikati ya Oktoba, na usaili hufanyika zaidi mwezi Desemba. Oxford huita watu wapatao 10,000 kwa nafasi zinazozidi kidogo 3,000. Tangu mwaka 2020 Oxford imekuwa ikifanya usaili wake kwa video, na hilo limewaondolea waombaji wa mbali gharama ya nauli na usumbufu wa viza. Mwombaji kwa kawaida husailiwa zaidi ya mara moja, kila mara kwa muda wa nusu saa hivi, na mbele yake huketi wahadhiri wawili au zaidi. Hao si maofisa wa udahili. Ni walimu wenyewe wa somo, watakaomfundisha akipata nafasi.

Jambo hilo la mwisho ndilo ufunguo wa kila kitu. Katika vyuo hivi viwili mwanafunzi wa shahada ya kwanza hukutana na mwalimu wake akiwa peke yake au na mwenzake mmoja wawili, karibu kila wiki, akiwa ameandika insha au amefanya maswali, na saa nzima huwa ni ya kujieleza, kupingwa, kurekebishwa na kujaribu tena. Usaili ni kipande cha somo la namna hiyo. Wahadhiri wanajiuliza: je, mtu huyu anafundishika kwa namna tunayofundisha sisi?

Chukua swali moja ambalo Oxford yenyewe iliwahi kulichapisha kama mfano kwa waombaji wa biolojia. Yule mdudu mdogo wa mviringo mwenye madoa meusi mgongoni ni mwekundu. Stroberi nayo ni nyekundu. Kwa nini? Mwombaji aliyelelewa na mitihani yetu hutafuta jibu katika kumbukumbu, asilipate, akanyamaza. Lakini hakuna jibu la kukumbuka hapa. Inatakiwa aanze kufikiri kwa sauti. Rangi hiyo inaonwa na nani? Tunda likiliwa na ndege, mbegu husafiri, kwa hiyo mmea hupata faida tunda likionekana kwa mbali. Mdudu akiliwa amekwisha, kwa hiyo wekundu wake huenda unasema kinyume: mimi ni mchungu, niache. Hapo msaili huingiza swali la pili. Ndege anajuaje kwamba mdudu huyo ni mchungu, amezaliwa akijua au amejifunza? Na kama amejifunza kwa kula, yule mdudu wa kwanza aliyeliwa alifaidika nini na rangi yake? Mwombaji anakwama. Anasema, "Naomba nirudi nyuma kidogo, nadhani nilikosea niliposema kwamba kila rangi ni kwa faida ya yule mmoja mwenye nayo, huenda faida ni ya ndugu zake waliobaki." Msaili anaandika kitu kwenye karatasi yake, na kitu hicho ni kizuri.

Na kama hujawahi kuona stroberi maishani mwako, sema hivyo. Omba utumie pilipili kichaa badala yake. Nayo ni nyekundu ikiiva, ndege huila bila kusikia ukali, ilhali panya na mamalia wengine huikimbia, na ndege ndio wanaozisambaza mbegu zake zikiwa nzima. Mwombaji wa Muheza au Malindi aliyekulia penye mti wa pilipili nyuma ya jiko anaweza kuwapa wahadhiri hao mfano mzuri kuliko ule walioleta wao. Nalisisitiza hili kwa sababu nimewaona vijana wenye akili kali wakidhani kwamba mambo ya nyumbani kwao si elimu.

Masomo mengine yana namna zake. Wa hisabati huombwa achore grafu ya kitu ambacho hajawahi kukichora. Wa sheria hupewa kanuni fupi na visa vichache, kisha huulizwa ni kisa kipi kinaangukia ndani ya kanuni na kipi nje, na kwa nini. Wa fasihi husoma shairi dakika chache kabla ya kuingia. Kote ni mchezo uleule: kitu kigeni, muda mfupi, na mtu wa kukusaidia kidogo ukikwama. Msaada ukija, upokee. Wapo wanaodhani kwamba kudokezewa ni dalili ya kushindwa, ilhali wasaili hupanga kabisa kukudokezea ili waone unavyolitumia dokezo.

Marekani mambo yana asili nyingine, na asili hiyo haipendezi. Mwanzoni mwa karne ya 20 vyuo kama Harvard vilipokea wanafunzi zaidi kwa mtihani. Watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi kutoka Ulaya ya Mashariki wakaufaulu mtihani huo kwa wingi, hata ilipofika mwaka 1922 mmoja hivi kati ya kila wanafunzi wapya watano wa Harvard alikuwa Myahudi. Rais wa chuo, Abbott Lawrence Lowell, akataka kiwekwe kikomo cha asilimia 15. Walimu wakakataa kikomo cha wazi. Kufikia mwaka 1926 njia nyingine ikapatikana: chuo kikaanza kupima "tabia" ya mwombaji, kwa picha yake, barua za kumsifu na mazungumzo ya ana kwa ana. Idadi ya Wayahudi ikashuka bila kutajwa popote kwamba wanazuiwa. Mwanasosholojia Jerome Karabel alilieleza jambo hili kwa urefu katika kitabu chake *The Chosen* cha mwaka 2005, na yeyote anayeingia uwanja huu aanzie hapo, kwa sababu kinaonyesha kwamba usaili unaweza kubuniwa kwa lengo la kufunga mlango huku ukisemwa kuwa ni wa kumjua mtu vizuri zaidi.

Lengo hilo limekwisha, lakini umbo limebaki. Hata leo usaili wa vyuo vingi vya Marekani vinavyosaili hufanywa na wahitimu wa zamani wanaojitolea: daktari wa Nairobi aliyesoma huko miaka ya nyuma, mhandisi wa Dar es Salaam, mfanyakazi wa benki. Hawalipwi. Kwa Harvard na MIT, hawaioni fomu yako ya maombi, hawajui alama zako, na hawana kura katika uamuzi. Huzungumza nawe, mkahawani au kwa video, kwa muda usiozidi saa moja hivi, kisha huandika ripoti fupi inayoingia kwenye faili lako pamoja na insha, matokeo na barua za walimu. Kama eneo lako halina mhitimu wa kukusaili, vyuo husema wazi kwamba hutapunguziwa kitu. Vyuo vikuu vya umma vya California kwa kawaida havisaili waombaji wao wa shahada ya kwanza. Brown na Chicago vimeachana na usaili wa wahitimu, na badala yake humruhusu mwombaji kutuma video fupi ya kujitambulisha.

Swali la usaili huu wa Kimarekani ni lipi, basi? Ni kama hili: ukiondoa karatasi, je, mtu huyu ana jambo linalomwasha moyo, na akikaa bweni moja na wenzake atawaongezea nini? Ndiyo maana huulizwi fomula. Unaulizwa unafanya nini siku usiyo na kazi, kitabu gani kilikushinda kukiweka chini, ni jambo gani ulilibadilisha shuleni kwenu. Msaili mzuri hufuata uzi. Ukisema unafuga kuku, atakuuliza kuku wangapi walikufa na ulifanya nini. Hapo ndipo jibu la kukariri huvunjika, kwa sababu aliyekariri hajui kuku walikufa kwa ugonjwa gani.

Mwaka 2018, katika kesi iliyosikilizwa Boston dhidi ya Harvard, historia hii ilipata mgeuko ambao naona haujazungumzwa vya kutosha. Walalamikaji walidai kwamba Waamerika wenye asili ya Asia walipewa alama za chini za "haiba". Katika ushahidi wao walionyesha kwamba wahitimu waliokutana na waombaji hao uso kwa uso waliwapa alama za haiba zilizokaribiana sana na za wazungu. Alama za chini zilitoka kwa ofisi ya udahili, ambayo wengi wa waombaji hao haikuwahi kuwaona. Harvard ilishinda katika mahakama ya kwanza na ya rufani, kisha Juni 2023 Mahakama ya Juu ikaamua dhidi yake, katika hukumu iliyohusu zaidi matumizi ya rangi na asili ya mtu katika udahili kwa jumla. Kwa mtafiti wa usaili, kile kipande cha ushahidi kuhusu wahitimu kinatosha kumfanya atulie afikirie upya: chombo kilichoundwa kuwazuia watu fulani kilionekana, karibu miaka mia baadaye, kuwatendea haki kuliko karatasi.

Lakini je, usaili unatabiri lolote? Hapa wanasaikolojia wana habari ambazo wasaili hawapendi kuzisikia. Mwaka 1979 shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Texas huko Houston ilisaili waombaji 800, ikawapanga kwa daraja, na kuchukua 150, wote kutoka miongoni mwa 350 wa juu. Baadaye bunge la jimbo likaagiza darasa liongezwe watu 50. Waliokuwa bado wanapatikana walikuwa wa mkiani, wa daraja la 700 hadi 800, na hao ndio waliochukuliwa. Miaka ikapita, matokeo yakalinganishwa, na ripoti ikachapishwa mwaka 1987: makundi mawili hayakutofautiana katika masomo, katika kuacha chuo, wala katika mazoezi ya hospitalini. Tofauti iliyowatenga hapo mwanzo ilitokana zaidi na maoni ya wasaili.

Jaribio jingine ni la kustaajabisha zaidi. Jason Dana, Robyn Dawes na Nathanial Peterson, katika makala yao ya 2013, waliwaomba wanafunzi wawasaili wenzao na kukisia wastani wao wa alama. Baadhi ya wasailiwa walikuwa wamepewa kanuni ya siri: wasikilize herufi za kwanza za maneno mawili ya mwisho ya swali, na herufi hizo ndizo ziamue kama wajibu ndiyo au hapana. Kwa maneno mengine, majibu yao hayakuwa na maana yoyote. Wasaili hawakugundua. Waliondoka wakihisi wamemfahamu mtu. Na kwa jumla, makisio yaliyofanywa kwa alama za nyuma peke yake yalikuwa sahihi kuliko yaliyofanywa kwa alama pamoja na mazungumzo. Binadamu ana kipaji cha kutunga hadithi kamili kutokana na vipande visivyoungana, na usaili huru humpa vipande vingi mno.

Tiba iliyopatikana ni kuupa usaili mpangilio: waombaji wote waulizwe maswali yaleyale, majibu yapimwe kwa vigezo vilivyoandikwa kabla, na wapimaji wawe wengi. Kielelezo chake maarufu kilizaliwa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, ambako Kevin Eva na wenzake walichapisha mwaka 2004 utaratibu wa usaili mfupi mwingi kwa waombaji wa udaktari. Mwombaji husimama mbele ya mlango, husoma karatasi iliyobandikwa kwa dakika mbili, huingia, na kuzungumza kwa dakika nane. Kengele ikilia hutoka na kwenda mlango wa pili. Vituo huwa kama kumi. Nyuma ya mlango mmoja kuna mwigizaji anayecheza mgonjwa aliyekasirika, nyuma ya mwingine kuna suala la maadili, nyuma ya mwingine unamwelekeza mtu afanye kazi ya mikono bila wewe kuigusa. Ukiharibu mlango wa tatu, msaili wa mlango wa nne hana habari. Mtindo huu umeenea katika shule za udaktari za Kanada, Uingereza, Australia na kwingineko, na anayeomba udaktari huko ajue kabisa kwamba huenda akaukuta.

Sasa nije kwetu, maana hapa ndipo nina uchungu na jambo hili. Mtoto wa Kiswahili hufundishwa kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hujifunza kumwinamishia mkubwa macho, kungoja aulizwe, kujibu kwa ufupi, kusema "sisi" hata pale alipofanya kazi peke yake. Hizo ni adabu, nami sizidharau hata kidogo. Lakini msaili wa Boston anayeona macho yameinama huandika "hajiamini", na akisikia "sisi tulianzisha maktaba" hajui wewe ulibeba kitabu kipi. Anayepoteza hapo ni kijana mwenye malezi mema.

Wanaisimu na wanaanthropolojia wamelichungulia tatizo hili kwa karibu. Frederick Erickson na Jeffrey Shultz, katika kitabu chao cha mwaka 1982 kuhusu washauri wa masomo vyuoni Marekani, walirekodi mazungumzo kwa filamu na kuyachambua karibu pumzi kwa pumzi. Hayo hayakuwa ya udahili, lakini mshauri alikuwa na uwezo wa kumfungulia mwanafunzi njia au kumfungia. Waligundua kwamba mdundo wa mazungumzo ukipishana, mmoja akiingia mapema na mwingine akichelewa kuitikia, mshauri huanza kueleza jambo lilelile mara mbili tatu kana kwamba mwanafunzi haelewi. Waligundua pia kwamba pakitokea kitu cha pamoja, labda wote wawili walisoma shule moja au walicheza mchezo mmoja, mazungumzo hulainika na msaada huongezeka, hata kama hawatoki kabila moja. Fikiria hilo kwa msaili wa Nairobi na mwombaji aliyesoma shule ileile ya bweni aliyosoma yeye, halafu mfikirie mwombaji wa pili aliyesoma shule ya kutwa ya kata.

Kwa hiyo ninawaambia vijana wafanye jambo moja mahususi, ambalo halivunji adabu ya mtu. Usijisifu, simulia. Badala ya kusema "mimi ni kiongozi mzuri", sema: "Maji yalikatika bwenini wiki mbili. Tulikuwa watu sita kwenye kamati. Kazi yangu ilikuwa kwenda kwa mzee mwenye kisima na kupatana naye bei, na mara ya kwanza alinifukuza." Hapo "sisi" ipo, "mimi" ipo, na sifa ataisema msaili mwenyewe atakapoandika ripoti. Kuhusu macho, mtazame anapouliza, na unapofikiri tazama popote. Hata wao hufanya hivyo. Kuhusu kimya, mwambie: "Naomba nifikirie kidogo." Na "sijui" ni jibu halali mradi lisibaki peke yake. Liongezee: "Sijui, lakini nikikisia, ningeanza na…" Mwalimu mwenye nafasi anaweza kulizoesha hili darasani bila gharama yoyote: kila wiki mwanafunzi mmoja asimame, apewe kitu asichokijua, afikiri kwa sauti kwa dakika tano, na wenzake wamuulize. Hii ina faida kuliko kununua kozi za mtandaoni zinazouza majibu.

Majibu ya kukariri yana madhara mengine ambayo wazazi hawayaoni. Kijana aliyekariri husikiliza swali kwa nia ya kutafuta lipi kati ya majibu yake kumi linalokaribiana nalo, kwa hiyo hamsikilizi msaili. Akiulizwa "kwa nini chuo hiki?" hutaja sifa zilizo kwenye ukurasa wa kwanza wa tovuti. Msaili amezisikia hizo tangu asubuhi. Afadhali ataje mhadhiri mmoja ambaye alisoma makala yake, hata kama nusu yake hakuielewa, na aseme ni nusu ipi.

Kuna mambo madogo yanayoharibu makubwa, nayo hupita haraka. Saa: Desemba, London iko nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa tatu, na Boston kwa saa nane. Usaili wa saa 3:30 asubuhi Oxford ni saa 6:30 mchana kwetu. Ukiambiwa saa 1 jioni ya Boston, hapa ni saa 9 usiku, na unaruhusiwa kabisa kuomba muda mwingine. Barua pepe itakuja na saa za Kizungu, kwa hiyo iandike kwa namna zote mbili ukutani, usiamini kichwa. Umeme: iandikie ofisi mapema kwamba kuna mgao eneo lenu, uliza namba ya kupiga mtandao ukikatika, jaza bando la akiba kwenye simu. Baadhi ya masomo Oxford hutaka uandike kwenye skrini ili wasaili waone hatua zako. Soma maelekezo wiki mbili kabla, ukikosa kifaa waambie. Mzazi asikae chumbani. Nimesikia sauti ya mzazi ikinong'ona jibu nyuma ya kamera, na msaili akaisikia vilevile.

Usichanganye usaili wa chuo na ule wa ubalozi. Aliyepata nafasi Marekani atasimama tena mbele ya dirisha la ofisa wa viza, na huko swali ni tofauti kabisa. Kwa kifungu 214(b) cha sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1952, mwombaji wa viza ya mwanafunzi huhesabiwa kuwa ana nia ya kuhamia moja kwa moja mpaka aonyeshe vinginevyo. Ofisa anataka kujua, ndani ya dakika chache, kama kweli unakwenda kusoma, nani analipa, na nini kitakurudisha. Simulizi ndefu ya mzee mwenye kisima haina nafasi hapo. Jibu fupi, nyaraka mkononi.

Nimalizie kwa mtafiti, kwa sababu kazi iliyobaki ni kubwa na wanaofaa kuifanya ni watu wa huku. Tunahitaji kujua mwombaji aliyesomea mfumo wa kunakili ubaoni hutumia sekunde ngapi kabla ya kujibu swali la wazi, na kama msaili huzihesabu sekunde hizo kuwa ujinga. Tunahitaji kujua mhitimu wa Kitanzania anayemsaili kijana wa Kitanzania kwa Kiingereza hufanya nini pale wote wawili wanapojua kwamba wazo hilo lingetoka vizuri kwa Kiswahili: huruhusu sentensi moja, au hushikilia Kiingereza? Tunahitaji pia kulinganisha waliopata nafasi na waliokosa, kwa ripoti na si kwa kumbukumbu, jambo ambalo litahitaji vyuo vikubali kufungua mafaili ya zamani.

Anayetaka kuanza mwaka huu hahitaji ruhusa ya Oxford. Tafuta shule mbili, moja ya bweni yenye kilabu cha mdahalo na moja ya kutwa. Omba idhini ya wazazi na ya vijana wenyewe. Wape wote swali la mdudu mwekundu na pilipili kichaa, rekodi sauti, kisha kaa chini na daftari uandike kila kimya kilikuwa cha sekunde ngapi, nani alikivunja, na kwa neno gani.